Bale Balioniita Mulozi

Nyakarenzo, 6 Machi 2017

Wifi yangu Bernadette,

Nakusalimia sana, wewe na mutoto wetu Béatrice. Afya iko namna gani huko Bukavu? Siye tuko wazima, isipokuwa Maman.

Najua miaka sita imepita bila neno langu. Barua hii nimemupa Mukabalisa anayevusha nyanya mpakani kuja kuuza huko kwenu, maana mimi sina uso wa kuja. Maman Nyiraneza hajui tena njia ya kutoka shambani. Anaficha chumvi chini ya godoro, halafu analia kwamba imeibiwa.

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, Dominique, mujyanama wetu, yaani mushauri wa afya, alitufundisha. Alisema ubongo unaweza kuugua kama vile figo inavyougua. Mutu anasahau, anaficha vitu, kisha anabashitaki bale bale banaomulisha. Si uchawi, si sumu. Wewe ulishitakiwa hivyo hivyo.

Sasa anakutafuta. Kila asubuhi: "Bernadette iko wapi? Nina njaa." Mukono wangu anaukataa. Njoo, hata siku mbili.

Wifi yako,
Uwera

Bukavu, 19 Machi 2017

Uwera,

Salamu zako zimefika. Napumua, na mutoto anasoma.

Usiniite wifi. Nikukumbushe kidogo, maana ugonjwa wa kusahau haukumushika Maman peke yake. Aliposema nimeiba kitambulisho chake na kumutilia karuho, ile sumu ya uchawi, katika uji, nani aliita majirani? Nani alinishika kichwa ninywe uji ule ule mbele yao? Niliunywa uji wote, sikufa. Mukasema mulozi hafi kwa dawa yake. Ukatupa nguo zangu barabarani, na mvua ilikuwa inanyesha. Kaka yako Mugabo, mume wangu wa ndoa, nilimulilia: "Sema neno!" Akasema, "Mimi sijui." Leo ana bibi mwingine huko Gitambi.

Hilo jina la mulozi lilivuka mpaka wa inchi kabla yangu. Miezi minane sokoni hakuna aliyegusa mandazi yangu.

Nitakuja siku utakaposimama mbele ya batu bale bale, muchana, useme ulichonitenda. Kabla ya hapo, mulishe mwenyewe.

Bernadette, mama wa Béatrice

Nyakarenzo, 2 Juni 2017

Wifi,

Hujambo? Mutoto hajambo? Nimekawia kujibu kwa haya. Una haki. Lakini mimi ni kiongozi wa kwaya. Nikisema yale, nitaimba mbele ya nani? Nikanyamaza, nikidhani yatapita.

Sasa yamenigeukia. Maman amemuambia jirani yetu, mama Sibomana, kwamba mimi namutilia karuho. Batoto bao habapiti tena uani kwetu. Jana nimeomba moto, nikafungiwa mulango. Dominique anabaelezea majirani, bao banaitikia kwa kichwa tu, bakigeuka banatema mate.

Mukabalisa atakuuliza habari zangu. Muambie tu kwamba Maman alianza hivi tangu wakati wako. Wewe batakuamini, maana huna sababu ya kunitetea.

Wifi yako anayekuomba,
Uwera

Bukavu, 5 Juni 2017

Uwera,

Natumaini uko muzima, maana nataka usome hii ukiwa na nguvu.

Nitakuambia kweli: nilifurahi. Siku barua yako ilipofika nilinunua nyama. Mukabalisa aliniuliza mbele ya batu, "Ati Uwera anatilia batu sumu, ni kweli?" Neno la kukuokoa lilikuwa hapa mudomoni. Nikamujibu, "Mimi sijui." Kama kaka yako.

Onja.

Bernadette

Nkombo, 30 Agosti 2017

Bernadette,

Nawasalimia wote wawili. Mimi niko hai, kwa shangazi, huku kisiwani.

Balikuja muchana, batu kumi na mbili. Mama Sibomana ndiye alinishika kichwa. Nilikunywa. Kisha nikakimbia na kitenge kimoja. Mugabo hakufika. Dominique anamupelekea Maman chakula akipata nafasi.

Umelipiza, sibishani. Ila kuna jambo moja hulijui. Kitambulisho kile nilikiona katika gunia la maharage, kabla ya kukuita mwizi. Nikakirudisha palepale. Mugabo alikuwa anakusikiliza wewe kuliko siye, nami nilitaka uondoke. Maman alikuwa mugonjwa. Mimi nilikuwa na akili yangu yote.

Unichukie mimi. Yeye hana kosa.

Uwera

Nyakarenzo, 4 Oktoba 2017

Uwera,

Uko muzima? Shangazi anaendeleaje? Maman anakula.

Sikuja kwa ajili yako. Nilimukuta amekonda, kucha ndefu, amevaa sweta kinyume. Hakunijua. Aliniuliza kama mimi ni mutoto wa dada yake. Nikasema ndiyo, kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia kwa hasira. Nilikuwa na maneno ya miaka sita ya kumuambia, na mwenye kuyasikia hayupo tena.

Dominique amenionyesha kazi. Nisibishane naye. Tutembee pamoja asubuhi, apimwe presha, aimbe nyimbo zake za usichana. Anazikumbuka zote, beti kwa beti.

Jumamosi baada ya umuganda nilisimama mukutanoni, mbele ya batu bote. Nikabaambia: mulikosea kwangu, mukarudia kwa Uwera, na mugonjwa mukamuacha na njaa. Nikataja majina ya bale balionishika, mumoja mumoja, bakitazama chini. Utamu wake sikufichi. Nilisema pia kwamba wewe hukutia kitu katika uji. Nilisema kwa sababu ni kweli. Sijakusamehe.

Jana Maman alimulilia mama Sibomana kwamba nimemutilia karuho. Mama Sibomana akaketi kwenye mukeka, akasema, "Basi tule wote, Maman," akatia kijiko cha kwanza mudomoni mwake mwenyewe.

Batu banauliza kama utarudi. Habari ya kitambulisho sikuisema. Ile ni yako. Mukutano mwingine wa umuganda ni tarehe 28. Njoo uiseme kwa mudomo wako, muchana. Nitakaa mbele kabisa, na sitakusaidia.

Wifi yako,
Bernadette