Mjomba, Nimelifuta Jina Lako Kwenye CV

Msambweni,
Ijumaa, Mfunguo Pili

Mjomba Mwinyi,

Assalam aleikum. Naanza kwa salamu kwa sababu ulinifundisha hivyo, na kwa sababu nina neno ambalo sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Nimelifuta jina lako kwenye CV yangu.

Usiudhike. Nipe nafasi nikueleze.

Unaikumbuka siku tuliyoiandika. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya upishi kule Kwale, na chuo kilitupa mfano wa kufuata, ukurasa mmoja tu. Ukausoma umeushika mbali na macho, kisha ukanirudishia kwa vidole viwili kama samaki aliyelala tangu juzi. "Huyu ni mtoto wa nani? Hana kwao? Hana salamu?" Ukavaa kofia, ukakaa mkekani, ukaanza kunitajia maneno niandike, kwa sauti ileile uliyoitumia ulipokwenda kumposea mtu mke.

Ulikuwa mshenga, na nusu ya ndoa za Msambweni zilipita mdomoni mwako. Kwako kazi nayo ilikuwa posa: kuna nyumba inataka mtu, kuna binti wa watu, na katikati lazima awepo mtu mzima wa kusema.

Basi CV yangu ikaanza na bismillahi, ikamjulia hali meneja, mkewe na watoto wake. Ikaeleza ukoo wetu tangu Jego, na kwa nini bibi alihamia huku, hadithi ambayo yenyewe ilikula ukurasa mzima. Tabia: mtulivu, hana makundi. Anachopenda: kusuka ukili wa mikeka na kukaa na wazee. Tulipofika kwenye ujuzi nikakwambia, kwa sauti ndogo, kwamba pilau ya harusi ya dada niliisimamia mimi. Ukatikisa kichwa.

"Andika: anajaribu kupika."

"Lakini Mjomba..."

"Binti akijisifu, watu watadhani hana wa kumsifu. Sifa niachie mimi. Wakitaka kujua, watanipigia."

Nambari yako ukaiweka chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko jina langu.

Na ile picha! Tulichukua ya harusi ya dada, mimi nina hina mpaka viwikoni, wewe umesimama kushotoni kwangu na koti lako la kijivu. Ukajikata kwa mkasi wa Mama. Hukujikata vizuri, Mjomba. Bega lako la kulia lilibaki. Hoteli za Diani zikapokea CV yangu pamoja na bega la mwanamume asiyejulikana.

Hakuna aliyepiga. Ukasema wanashauriana na wazee wao. Kisha ukaugua. Siku ile uliniambia uji umepoa, nikaenda kuupasha. Nikarudi na kikombe...

Hayo unayajua. Tuendelee.

Simu yako Mama hakuizima. Huichaji na kuiweka dirishani, maana bado kuna watu wanaopiga kumtafuta mshenga, naye hufurahi kusikia ukitajwa. Siku moja ikalia. Mimi nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Simu yako unaijua, haina siri, sauti yote iko nje. Mwanamke mwenye sauti ya ofisini akamwulizia Bwana Mwinyi, ana maswali kuhusu mimi, Mejumaa.

"Ametangulia mbele ya haki, mwanangu," Mama akasema. "Lakini mimi ni dadake, sema tu. Mnatokea wapi?"

"Diani, mama. Pole sana. Nilitaka kujua tabia yake..."

"Tabia yake haina doa. Sasa na sisi tuulize ya kwenu. Huyo kijana anaswali?"

"Kijana yupi?"

"Miraa anatafuna? Ana mke mwingine? Usinifiche, mimi ni mtu mzima."

"Mama, hii ni hoteli."

"Hata wenye hoteli wana wazee. Waleteni, tutawapokea."

Akakata. Akanigeukia, uso umejaa furaha. "Mejumaa! Umechumbiwa na mwenye hoteli!"

Nililia, Mjomba, nikacheka, kisha nikalia tena. Hoteli hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupiga tangu nianze kutafuta kazi. Nilipowapigia, simu ikawa inalia tu, haipokelewi. Usiku ule Mama alipokuwa akipanga ni kina nani watakaopokea wageni, mimi niliwaza kitu kimoja: kama mambo yataendelea hivi, nitazeekea kwenye mbuzi ya nazi.

Nikaenda Ukunda kwa Njeri, dada mmoja wa bara mwenye duka la kompyuta. Akaisoma CV yetu mpaka akaegemea ukuta kwa kicheko.

"Wee Mejumaa, hii ni CV ama ni kadi ya harusi? Kazi iko page gani? Na huyu mwenye bega ni nani?"

Nikamwambia ni marehemu mjomba wangu, na nambari ile ya chini ni yake. Akaacha kucheka.

"Pole, siz. Pole sana. Lakini sasa watampigia wapi?"

Basi salamu zikatoka. Picha ikatoka. Bibi wa Jego nilimtetea kwa nguvu zangu zote, naye akatoka. Anwani ya barua pepe niliyofunguliwa na binamu, ile yenye jina la Sukari ya Warembo, Njeri hakunipa hata nafasi ya kuitetea. Kwenye ujuzi ndipo tulipokwama. Alitaka niandike kwamba najua kupika, vidole vikakataa. Niliona haya kama mtu aliyeambiwa avue buibui sokoni.

"Pilau ya harusi alipika nani?" akaniuliza.

"Mimi."

"Watu walikuwa wengi?"

"Walikaa mpaka barabarani."

"Chakula kilitosha?"

"Kilibaki."

"Na bado unajaribu?"

Nikaandika. Kisha nikageuka mlangoni kuangalia kama kuna mtu wa kwetu aliyeniona.

Likabaki jina lako. Njeri akasema anakwenda kununua maji, ingawa chupa yake ilikuwa pale mezani, imejaa. Ni mtu mwema. Tukabaki wawili, mimi na jina lako. Kompyuta hufuta herufi mojamoja ukibonyeza polepole. Nilibonyeza polepole. Mahali pako nimemweka mwalimu wangu wa chuo, na mama mwenye mkahawa ninayempikia mahamri. Niliwaomba kwanza, wakakubali. Wote wawili wazima, alhamdulillahi, na wanapokea simu.

Nikaipeleka Diani kwa mkono wangu, hoteli baada ya hoteli, na moja ikaniita. Nilipoingia ofisini, sauti niliijua kabla ya sura. Alikuwa ni yeye, yule wa simu. Mezani alikuwa na CV zangu zote mbili, mpya na ile ya bega.

"Wewe ndiwe wa wazee?" akasema.

Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Akaziweka karatasi sambamba. "Hii ya zamani inasema unajaribu kupika. Hii mpya inasema unaweza kupikia harusi. Nishike ipi?"

Nilijua kazi iko hapo, kwenye jibu hilo. Nikainama, nikakutafuta kidogo, Mjomba, kwa mazoea. Halafu nikasema, "Shika mpya, bibi. Kwetu binti hajisemei, husemewa na mshenga. Mshenga wangu amefariki. Ndiyo maana nimekuja kujisemea."

Hakucheka. Akanipeleka jikoni. Nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mpishi mkuu akaonja, akaonja tena, kisha akavuta kiti. Mtu anayeonja havuti kiti. Nikajua nimepata.

Nimeshaanza, kwa muda wa majaribio. Mama amefurahi, ila bado anauliza wazee watakuja lini. Kila asubuhi namjulia hali mpishi mkuu, mkewe na watoto wake mmojammoja. Mwanzoni alikuwa akitazama saa. Sasa nikichelewa kuanza, ananikumbusha kuna mtoto mwingine amezaliwa. Hilo sitaliacha, nakuahidi. Na kila Ijumaa nitakayopata mapumziko nitakuja kukusomea Yasini, nikupe na habari za jikoni.

Jana tumepigwa picha za vitambulisho vya kazi. Mpiga picha alinisogeza katikati, nikarudi pembeni. Akanisogeza tena, nikarudi tena, mpaka akachoka. Changu ninacho hapa mbele yangu. Nimetoka vizuri, ila niko kando, na kushotoni kwangu pana nafasi tupu, kiasi cha bega.

Lala salama, Mjomba. Huku duniani nimeshaanza kujisemea. Lakini huko uliko sijulikani kwa mtu. Siku wakikuuliza habari zangu, unikumbuke, uniseme kwa wema.

Mpwa wako,
Mejumaa