Waraka Usiojua Habari za Majani

Mpendwa Baba Mkwe,

Hukujifunza kusoma, wala hukuona haya kwa hilo. Kwa hiyo barua hii naiacha wazi, ili yeyote atakayeishika aisome kwa sauti, kama nilivyokusomea mimi ule waraka wa serikali pale Kakuma, nikidhani ningeumaliza kwa dakika tano.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu uniozeshe Akiru. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Lodwar, na kazi yangu ilikuwa kutafsiri matangazo kwa Kiswahili sanifu. Wiki ile uliletwa waraka wa mashauri kwa raia waliotaka kuvuka mpaka kwenda Sudan, nchi iliyokuwa vitani. Wiki hiyo hiyo binti yako, muuguzi katika kambi ya wakimbizi, alichaguliwa kwenda huko siku kumi kuchanja watoto. Hakuniomba ruhusa, alinipasha habari kwa kikaratasi. Nikapanda lori katika msafara wenye walinzi, waraka mfukoni, nije nikuombe umkataze. Niliamini kwamba serikali ikisema hapana, na baba akisema hapana, Akiru atakaa.

Nilikukuta umeketi juu ya ekicholong, kile kigoda chenu ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto. Uliniuliza kwanza habari za njia nzima: mvua imenyesha wapi, majani yakoje, nani amehama. Kwenu msafiri hapumziki kabla hajayasema hayo. Nilijibu kwa ufupi, nikafungua waraka.

"Raia wanashauriwa wasisafiri isipokuwa kwa shughuli ya lazima."

"Huyu alipita njia gani?" ukauliza.

"Nani, Baba?"

"Huyu anaongea kwa karatasi. Alipita Lokichoggio ama alizunguka mlima?"

Nikakueleza kwamba waraka haukupita popote; uliandikwa Nairobi. Ukatema tumbaku kando. "Visima aliona? Ng'ombe za huko ziko na afya?"

"Hautaji ng'ombe."

"Karatasi maskini," ukasema, kwa huruma ya kweli. "Inakataza watu njia na yenyewe haijatoka nyumbani."

Akiru, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka hata akaketi chini. Mimi nilikasirika, nikaendelea kusoma kwa sauti ya ofisini. Nilipofika mahali palipoagiza wasafiri wabaki ndani ya gari wakati wote, uliinua mkono.

"Hapo ngoja. Hiyo tuulize mtu."

Ukanipeleka kambini kwa Mama Achol, mkimbizi wa Sudan aliyeuza chai, tukamkuta akipepea jiko. Ulimsalimu "Ejok," naye akaitikia vizuri kama Mturkana. Nikamwambia kwamba Akiru anakwenda kwao kuchanja watoto, nikamsomea ile sentensi moja. Mkono wake uliokuwa ukipepea ukasimama.

"Ndani ya gari? Karani, ndege ya mabomu ikikuja, gari ndiyo inatafuta! Ukisikia sauti tu, toka, kimbia mbali na gari, lala chini. Na huyu dada asiende na ile nguo yake nyeupe. Hiyo Mungu mwenyewe anaiona."

"Una hakika?" nikamwuliza.

"Mimi niko hapa," akasema. "Wenye walikaa kwa gari, waulize wewe."

Baba, sentensi ile niliitafsiri mimi kwa mkono wangu, na nilikuwa nimeridhika nayo. Nilimwazia Akiru akiitii, ameketi wima kitini, mikono juu ya magoti. Nikageuza waraka, nikaandika maneno ya Mama Achol upande wa nyuma kwa penseli. Sikuwa nimewahi kuandika juu ya karatasi ya serikali.

"Umeuliza ya majani?" ukasema.

Sikuwa nimeuliza. Nikarudi kuuliza. Siku ile nzima tulipita kwa wageni waliokuwa wamefika karibuni kutoka ng'ambo ya mpaka, na hadi leo sielewi ni wakati gani nilisahau kwamba nilikuja kumzuia mke wangu. Nilitaka kujua tu. Kisima kipi kimegeuka chumvi? Kwa nini wenyeji wa kijiji fulani wamehamia mlimani na mbuzi wakawaacha bondeni? Karatasi ilijaa, nikaandika pembeni.

Jioni nilikukumbusha shabaha yangu. "Nimkataze na nini?" ukanijibu. "Sasa habari iko."

Akaenda. Nikabaki kwako kumngoja, na siku kumi zikawa kumi na tatu. Siku mbili za mwisho sikuzungumza nawe, nawe ulijua kwa nini. Aliporudi, amevaa shuka ya kahawia ya mama yake, nilimkimbilia, nawe ukanizuia kwa fimbo. "Acha aketi. Aanze na majani." Nikasimama pale, mume mzima, nikisikiliza majani ya Sudan.

Ndege haikuja. Gari lilikwama mchangani siku tatu, basi. Kwa hiyo sijui kama waraka ungalimuua, wala kama Mama Achol alimwokoa. Nakiri kwamba jambo hilo liliniudhi kidogo; napenda hesabu zenye jibu.

Kisha Akiru akasema kwamba watoto wale walihitaji chanjo ya pili, na kwamba mwezi uliofuata angerudi. Ukakigeuza kigoda chako, ukanitazama.

"Na wewe, mkwe, unasemaje?"

Hapana ilikuwa tayari kinywani. Nilimtazama miguu iliyopasuka, nikamtazama uso, uliokuwa na furaha ambayo sikuwahi kuuletea mimi.

"Aende," nikasema. Sauti ilinitetemeka, nawe ukajifanya hukuisikia. Nakushukuru kwa hilo.

Kiangazi hiki umetutoka, Baba. Leo ninapoandika Akiru yuko ng'ambo tena. Alisema angerudi juzi, Ijumaa. Leo ni Jumapili, na bado nasema aende.

Pumzika salama katika mchanga wa kwenu.

Ni mimi,
Mkweo, mume wa Akiru