Wifi Rakeli na Nyimbo za Wale Wawili

Wifi yangu Rakeli,

Jumamosi tulikulilia. Etienne alinyoa kichwa, mama akakaa chini kwenye mkeka, mimi nikasonga ugali, bukari ya watu wengi. Kaburi hatuna, na hakuna aliyekuona ukikata roho. Lakini kaka yangu alisema amechoka kuamka kila asubuhi kama mtu mwenye mke, na mama akamjibu kwamba basi, tulie tumalize. Mimi siku ile yote sikutoa hata chozi. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka Etienne alivyokuleta mjini kwetu Baraka kutoka kule juu milimani Itombwe alikokuwa anafundisha? Majirani walisema binti wa ng'ombe hawezi kuishi kando ya ziwa. Wiki ya kwanza harufu ya ndakala ilikutapisha. Kabla mvua hazijaisha, ulikuwa unageuza ndakala hizo mchangani pamoja nami, samaki wale wadogo wakikushika mpaka kwenye nywele, huku redio-kaseti ya Etienne ikiimba mlangoni.

Alikuwa na kanda moja tu. Wale wawili, mwanaume na mwanamke, wazungu wa zamani wenye sauti laini, wakiimba Kiingereza ambacho hakuna kati yetu aliyekijua. Maandishi ya kanda yalikuwa yamefutika, nasi tukazipa nyimbo majina yetu. Wangu niliuita Wa Kungoja, kwa sababu mwanamke anaanza peke yake, na mwanaume anachelewa kuingia mpaka unaogopa kwamba hatakuja. Wako uliuita Wa Ng'ombe. Ulisema kwenu kulikuwa na ng'ombe mmoja wa mateke, na kwa sauti ya namna ile angesimama akamuliwe.

Mabuye ya redio, yaani betri, yakiisha nguvu tuliyaanika juani, na yalitupa wimbo mmoja zaidi, labda na nusu. Kwa hiyo ubishi wetu haukuwa wa bure. Aliyeshinda, wimbo wake ndio uliopigwa.

"Wa kwako iko muzuri," uliniambia, "lakini muzuri haiko maana. Wimbo wa maana ni ule mutu anaweza kuimba na mikono iko kwa kazi."

"Wa kwangu unagusa roho, wifi."

"Roho inaumia hata bila wimbo."

Etienne alikuwa anacheka, anasema wimbo wa maana ni ule wa kwanza kwenye kanda, kwani huo ndio uliomfanya ainunue. Mama yeye alisema ni wazungu wawili wanalia njaa. Na siku jirani yetu Mama Kiza alipouliza kama wale ni mume na mke, ulijibu bila kuinua macho kwamba ni kaka na dada. "Mutu na bibi yake hawavute pumzi pamoja hivi." Tukacheka mpaka Mama Kiza akaketi mchangani.

Kisha vita ikashuka. Etienne akatoa kanda, redio ikawa ya habari tu. Kila habari ilipotaja watu wa kwenu kuwa ni maadui, ulitoka nje ukajifanya unatafuta kuni. Mama Kiza akaacha kukusalimia. Siku moja mchana vijana wakaja uani wakauliza, "Ule wenu wa kule juu iko wapi?" Mama aliwajibu akiwa amekaa, kisu cha mihogo mkononi. "Hapa iko batoto yangu tu." Wakaondoka, lakini walisema watarudi.

Etienne akaamua akupeleke kwa barabara ya Mboko, mtafute njia ya kupanda kwenu kutoka kule. Asubuhi hiyo nilikufunga kitenge tunavyofunga sisi, nikakufundisha tena salamu za Kibembe, lugha yetu, ili upite njiani kama mmoja wetu. Ulizisema vibaya. Nilikusahihisha, ukazisema vibaya tena.

Hapo ndipo mama alipoomba wimbo. Mama, ambaye hakuwahi kuutaka hata mmoja. "Ule wa kwako, mutoto yangu. Ule wa ng'ombe." Mabuye yalikuwa yamekufa kabisa, hata jua lisingeyasaidia. Ukaimba wewe mwenyewe, bila maneno, huku unafunga mzigo. Etienne aliegemea ukuta. Mikono yako haikusimama, na mimi nilijua ubishi umekwisha, umeshinda wewe, na sikutaka kukubali, kwa sababu niliona kwamba nikikubali utaondoka. Ukaondoka hata hivyo.

Kaka yangu alirudi peke yake. Alituambia mara moja tu, na sijamwuliza tena. Kwenye kizuizi cha barabara wenye bunduki waliwatenga. Walikuambia useme, ukasema salamu zile. Wakakupandisha kwenye gari lenye wengine wa kwenu, wakamwambia Etienne kwamba mnarudishwa nyumbani, na kwamba akifuata atapigwa risasi. Alifuata. Walimpiga kwa kitako cha bunduki, akaamka gari halipo.

Tulivuka ziwa na wengine wengi, na sasa tuko kambini Kigoma. Kila tuliposikia kuna mtu wa kwenu amefika, Etienne alikwenda kuuliza. Hakuna aliyekuona juu, hakuna aliyekuona chini. Siku moja nilijaribu kumrudisha kwenye ubishi wetu, nikamwambia wimbo wako ndio uliokuwa wa maana. Hakucheka. "Hakuna wenye maana," alisema. "Ni nyimbo tu." Wewe ungemjibu kabla hajafunga mdomo.

Sasa nikuambie matanga yalivyokwenda, maana ni haki yako kujua. Watu walikuja, wengi kuliko nilivyodhani. Wakakaa, wakamshika Etienne mkono. Mzee mmoja akauliza marehemu ni wa ukoo gani. Etienne angeweza kusema "mke wangu" na kuishia hapo. Alitaja jina lako, na la baba yako, na mlima wenu. Hakuna aliyetukana. Mmoja alisema ana mgonjwa, mwingine akasema maji yanafunguliwa kwenye bomba. Waliinuka polepole, kwa adabu, wakaenda mmoja mmoja, tukabaki watatu na sufuria imejaa. Mama akavuta sahani. "Tukule," alisema. "Iko chakula ya matanga." Tukala bukari ile jioni, na kesho yake tukaila baridi.

Mama yako hajui. Hatuna wa kumtuma.

Pumzika, wifi, mahali popote walipokuacha. Na kama nimekosea na bado unatembea, usipite Baraka kututafuta. Nyumba imechomwa, na aliyebaki kwenye mtaa ule atakuuliza useme salamu.

Mimi wifi yako,
dada ya Etienne.