Umeme ni Umeme

Kibosho, Jumapili

Kaka Rogath,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, basi soma. Ng'ombe amezaa jike, kahawa imechanua, mama anakusalimu.

Mashine ya randa uliyomtumia baba ipo kibandani. Nilikuambia mapema kwamba inataka umeme wa njia tatu, na hapa nyumbani tuna wa njia moja. Ukanijibu, "Umeme ni umeme, Dominika." Padre akaibariki, majirani wakapiga makofi, baba akawasha. Ikanguruma tu, haikuzunguka.

Baba aliona aibu kwa ajili yako. Akawa anazungushia kamba kwenye puli, lile gurudumu la mota, anaivuta kwa nguvu, halafu anawasha, nayo inazunguka. Kila aliyeleta mbao aliambiwa, "Hii ni ya Rogath wangu."

Mwezi uliopita aliwasha kabla kamba haijatoka. Ikamvuta mkono wa kulia hadi kwenye puli. Hospitali wameukata. Amenikataza nisikuambie, eti utajisikia vibaya.

Ukija Krismasi atakupa mkono wa kushoto. Usiseme amekudharau. Upokee tu, kaka. Mkono ni mkono.

Mdogo wako,
Dominika