Rangi za Nyumba Yetu

Ekerenyo,
Kisii.
9 Januari 1972

Kwa dada yangu mpendwa Nyangate,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani, wewe na shemeji na watoto. Kile kikohozi ulichomwandikia mama kimepona, au vumbi la Thika bado linakusumbua? Sisi huku tu wazima wa mwili. Chai inachumwa, mvua ya mawe imeangusha migomba michache, na mwanetu Ogari amerudi shuleni Nyanchwa, kwa hiyo nyumba imenyamaza.

Nyumba yenyewe ndiyo nataka kukuambia habari zake. Ulipokuja kwa maziko ya baba kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, juu ya madirisha. Sasa imeezekwa mabati na kupigwa plasta, na mwezi wa Novemba ilibaki rangi tu. Mume wangu Abner alikuwa kazini kwenye kiwanda cha mbao Elburgon kama siku zote. Nilishuka Kisii mjini hadi duka la Vasant. Mkewe Padma alinipa kadi yenye vipande vidogo vya rangi, akaniambia nisiharakishe, kwa sababu ukuta hauvuliwi kama nguo. Nikampa kadi ile Cleophas, jirani yetu anayefanya kazi pamoja na Abner, ampelekee naye achague.

Nilikuwa nimetia alama ya kalamu kwenye rangi nilizozipenda, nikitumaini atabishana nami. Cleophas aliirudisha bila alama nyingine. Alisema Abner ameniachia mimi, na rangi yoyote nitakayopaka ataipenda. Nilimwuliza kama aliitazama hata kidogo. Cleophas akaanza kuniuliza habari za ng'ombe.

Nililia siku ile, dada, sitakuficha. Miaka yote hii ya ndoa, na mtu hana hata nafasi ya kuchagua rangi ya ukuta atakaouegemea uzeeni! Nikaanza kufikiri kwamba ana nyumba nyingine huko Elburgon, na mwanamke ndani yake. Sikumwambia mtu. Nikitoka kuchuma chai nilikuwa nakaa kwenye sebule ile tupu, naongea peke yangu mpaka kuta zinanirudishia sauti. Mwishowe nilichagua bila yeye. Sebule nikaipaka njano hafifu kama manyoya ya kifaranga, na chumba cha Ogari bluu. Fundi Angwenyi aliponiuliza kuhusu chumba chetu, nilimwambia akiache hivyo hivyo.

Abner alikuja kabla ya Krismasi, Cleophas akiwa amemshika mkono. Nilidhani amekunywa, na yeye ni Msabato tangu utoto. Mama mkwe alikuwapo, pamoja na majirani waliokuja kuiona nyumba. Abner alisimama katikati ya sebule, akageuza kichwa polepole, akasema kwa furaha, "Kijani hiki umekichagua vizuri, mama Ogari."

Mama mkwe alinitazama mimi, hakumtazama mwanawe. Ndipo nikaielewa ile kadi, na Cleophas nikamwelewa. Nikajibu, "Asante. Nilijua utakipenda." Kisha nikamshika mkono kana kwamba namkaribisha kiti.

Wageni walipoondoka alinieleza yote. Macho yalianza kufifia mwaka juzi, na alipofika kwa daktari Nakuru aliambiwa amechelewa. Sasa anachoona ni mwanga wa dirisha tu, na kazi imekwisha. Alimkataza Cleophas kuniambia, ati nimalize nyumba nikiwa na furaha. Kijani alikikisia, kwa kuwa nyumba nyingi za walimu huku zimepakwa kijani. Nikamwambia, "Si kijani, Abner. Ni njano." Akacheka kidogo, kisha akafunika uso kwa viganja.

Majirani bado wananong'ona tu, na mama mkwe hajafungua mdomo. Wewe nakuambia kwa sababu mzigo huu umenishinda. Tena kuna jambo ambalo siwezi kulitamka mbele ya mtu mwingine. Huko Elburgon hakukuwa na mwanamke, na kuna asubuhi naamka nikitamani angekuwapo, maana huyo ningegombana naye. Haya macho nigombane nayo vipi?

Jana nilimwingiza chumbani kwetu, nikaweka kiganja chake kwenye plasta, nikamwambia hapa bado, achague yeye. Akaipapasa plasta taratibu.

"Nyeupe," akasema. "Ile ya maua ya pareto, shamba la mama lilivyokuwa mwaka tuliooana."

Nalikumbuka shamba lile. Keshokutwa nitashuka kwa Padma, na nitamtafutia nyeupe hiyo hata kama itabidi nimsumbue afungue kila kopo. Nitakayeiona ni mimi peke yangu, dada, lakini yeye ndiye aliyeichagua.

Mama usimwambie kwanza, mpaka nipate nguvu ya kumwambia mwenyewe. Ukipata ruhusa wakati wa Pasaka, njoo ulale kwetu hata siku chache. Abner anaijua sauti yako na itamfurahisha. Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mungu awalinde huko mliko.

Ni mimi mdogo wako,
Nyanchera