Nitakuja Kukuchukua

Jumamosi, 4 Mei

Tumevuka tena. Manyunyu tangu alfajiri. Kwenye kizuizi kinachotutenga na upande ule askari alifunua sufuria za uji kama vile tumeficha mtu ndani. Breki, dereva wetu (jina kalipata kwa kukanyaga breki hata akiona kivuli), akamwambia onja basi, afande, usije ukatushuku bure. Akaonja. Akauliza sukari iko wapi.

Upande ule tuna banda tu: paa la bati, mabenchi, bomba la maji, hakuna mlango. Watoto wasio na makwao wanakuja mchana, wanakula, wanaoga, tunawafunga vidonda. Jioni wanarudi wanakolala, nasi tunarudi kabla kizuizi hakijashushwa. Ndivyo jumuiya yetu ya ibada ilivyokubaliana.

Kabla ya kupakua tulikaa kimya, desturi yetu. Hatuna wimbo wala mahubiri. Tunakaa hadi mmoja aone la kusema. Anayeona ndiye anayesema. Mimi bado. Au naona, ila naogopa sauti yangu.

Kabinti kamoja kakaninong'oneza: dada, mmeadhibiwa?

Wenzake wanamwita Kijiko. Ana kijiko cha bati, kakitundika shingoni kwa uzi, hamwazimi mtu. Sikio lake la kushoto linatoka usaha. Nesi wa zahanati ya kule amekubali kumwona wiki ijayo. Sikuitaja zahanati, nisimtishe na sindano. Nilimwambia tu: "Jumamosi nitakuja kukuchukua."

Alinitazama sana. "Kweli?"

Kweli, nikasema. Akatoka mbio bila kuaga.

Jumapili, 5 Mei

Nimemsimulia mama huku tunachambua maharage. Akaacha kuchambua. Umchukue umpeleke wapi? Zahanati, nikasema. Basi sema utampitia, mwanangu. Kuchukua mtoto si kuchukua mwavuli.

Nikacheka. Naye akacheka, lakini akarudia: si mwavuli. Kisha akahamia habari za shangazi, ambaye anauliza lini na mimi nitachukuliwa. Nikaenda kuosha vyombo.

Jumamosi, 11 Mei

Kizuizi kimefungwa. Sababu hawasemi. Askari wa sukari alitukwepa macho. Tumegeuza gari na uji wetu. 

Sikio lile. Wiki moja zaidi, nimejiambia. Litavumilia.

Jumanne, 14 Mei

Nimemuuliza Mlezi kama kuna mtu wa kupeleka salamu upande ule. Mlezi ndiye anayetuongoza, mkunga mstaafu, mikono yake imepokea nusu ya mtaa wetu. Akasema kizuizi kimefungwa kwa salamu pia. Akanigonga kidole kwenye paji la uso: huku ndani mwako kuna kelele, binti.

Ni kweli. Nilijiunga na watu hawa kwa kupenda kimya chao. Nyumbani kila mtu ana la kusema, na mimi nilitaka mahali ambapo kutosema kunahesabika kuwa kitu. Mwaka mzima nimekaa nao, macho nimefumba, mgongo wima. Wananisifu: huyu ametulia. Lakini kuna kimya cha kusikiliza na kuna kimya cha kujificha, na kwa nje vyote viwili vinafanana. Hata mimi mwenyewe sijui siku zote nimekaa katika kipi.

Jumamosi, 18 Mei

Naandikia bandani, jioni, daftari gotini. Kizuizi kilifunguliwa leo asubuhi.

Kijiko alikuwa amekaa kwenye jiwe, upande huu, karibu kabisa na askari. Amesukwa nywele. Gauni limefuliwa, bado bichi kiunoni. Shingoni hakuna uzi. Kijiko kiko wapi? nikamuuliza.

"Nimegawa. Huko kwenu vijiko si vipo?"

Sikuelewa. Nikadhani utani. Ndipo wenzake wakatuzunguka, wanapiga makofi: anachukuliwa! anachukuliwa! Mmoja asiye na meno ya mbele akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtu mzito wa kusikia. Huku mtu akipotea kuna mawili, dada. Kakamatwa, au kachukuliwa. Aliyekamatwa hurudi. Aliyechukuliwa kapata mama.

Mama yangu na mwavuli wake.

Kumbe Ijumaa ile, kesho yake nikitarajiwa, Kijiko alimpa mwenzake blanketi. Na nafasi yake akaiacha: nyuma ya duka la mikate, pale ukuta unapopata joto la tanuri. Mahali pale panagombewa. Wameshalala wengine, na hawaondoki. Jumamosi alinisubiri kutwa. Tangu hapo analala hapa, chini ya benchi nililokalia.

Tulikwenda zahanati. Nesi alisafisha sikio, akachoma sindano. Kijiko hakutikisika. Akauliza: hii ndiyo ya safari?

Ya sikio, nikasema.

Njiani nilimwambia ukweli. Nilikosea neno. Nilitaka kusema nitakupitia.

Alitembea kidogo. "Kupitia ndiyo kupita?"

 

Breki kamuuliza askari. Jibu: mtoto asiye na karatasi havuki, hata mniwekee sukari gunia. Mlezi kaenda kuongea na wale wa ukuta wa tanuri. Wamemwambia bibi, tafadhali, tuache. Nesi anaweza kumpokea kuanzia Jumatatu, dada yake huyo nesi ana chumba. Lakini kuna leo, na kuna kesho. Na jumuiya hailali upande huu, haijawahi. Banda halina mlango. Mmoja wetu akasema tukilala huku kwa ajili ya mmoja, kesho tutawaambia nini wengine? Swali la haki. Mlezi akasema: tukae.

Tumekaa. Wenzangu wamefumba macho. Mimi naandika, jambo lisiloruhusiwa, na najua kwa nini naandika: mkono ukiwa na kazi, mdomo una udhuru.

Jua limeshuka hadi kwenye bomba la maji. Breki ameziweka funguo za gari sakafuni mbele yake, hazigusi. Kijiko naye amekaa nasi, viganja mapajani, amefumba macho kwa nguvu kuliko sisi sote. Leo hakuuliza nani ameadhibiwa. Pindo la gauni langu limo mkononi mwake. Hakulishika kwa kunizuia. Amelishika kama mtu anavyoshika kitu cha kuazima, tayari kukirudisha.

Askari amepiga filimbi ya kwanza. Ya pili ikilia, anashusha.

Hakuna aliyesema. Mlezi amefumbua macho, ananitazama mimi, daftari, tena mimi. Hanikemei. Anangoja.

Natua kalamu.