Hatua ya Nani?

Mwajuma, acha kila kitu usome. Vivian wetu kaumbuka leo Nyangoto, mbele ya mkutano mzima. Vivian huyuhuyu aliyekuwa anatugombeza chuoni kwa kuandika namba bila kipimo!

Alikwenda kuonyesha programu yake ya mashamba. Mkulima anaingiza idadi ya hatua, inampa ekari. Mzee Odira, mrefu kama mlingoti wa bendera, akatembea shamba lake: hatua sabini kwa sabini, ekari moja kama wote tunavyojua. Programu ikasema nusu.

NUSU. Mwenyekiti wa kijiji akashika kalamu aandike kwenye daftari la ardhi. Jirani akacheka, "Hiyo inayobaki nitalima mimi!"

Vivian akafungua faili la programu mbele ya watu. Kwenye orodha ya namba zisizobadilika, pai, ile ya hesabu za duara, ina maelezo ya mistari mitatu. Chini yake: hatua = 0.64. Basi. Hakuna mita, hakuna ilikotoka.

"Hatua ya nani hiyo, binti?" mzee akauliza.

Ni yake mwenyewe. Aliipima sebuleni kwao akiwa na sketi ya kubana.

Hatua ya nani, Mwajuma!

Ikaletwa futi kamba, mzee akapimwa: mita 0.91. Ekari ikarudi nzima, jirani akaondoka bila kuaga. Vivian akaandika maelezo palepale, akisoma kwa sauti: "Mita 0.91. Hatua ya Mzee Odira, Nyangoto."

Mzee akamzuia. "Weka na tarehe, mwanangu. Mwakani magoti haya hayafiki hapo."